Waya Niliofunga Mwenyewe

Jumatatu, 2 Oktoba

Asubuhi feni ya kukaushia. Bearingi imemaliza grisi ya wiki nzima. Mkanda wa mashine ya kuchambua umekatika tena, nimeufunga tena. Mchana king'ora cha boila kimelia mara nne. Maji yamo, nimeyaona kwa macho yangu. King'ora kinasema hayamo.

Shida ni boya. Liko ndani ya chungu cha chuma ubavuni mwa boila. Maji yakipungua linashuka, linazima feni ya moto na kupiga kelele. Kazi yake ni hiyo tu. Sasa chungu kimejaa tope na boya linang'ang'ania chini hata maji yakiwa juu. Tope linakuja na maji ya lori la boza. Bomba la kutoka bondeni halijatoa tone wiki ya tatu sasa, na huku juu Newala huchimbi kisima ukapata kitu. Tunaletewa chochote kinachopatikana. Rangi ya chai ya maziwa.

Nimesafisha chungu. Keshokutwa kitajaa tena.

Jumanne, 3 Oktoba

Mara sita leo. Kila kikilia moto unazimika, mvuke unashuka, korosho zinabaki nusu mbichi kwenye pipa, na wanawake wa kubangua wanakaa mikono mapajani. Korosho isiyoiva kwa mvuke haibanguliki, inavunjika tu.

Meneja alikuja kusimama nyuma yangu. Ana oda ya kumaliza kabla mwezi haujaisha, na hawezi kumweleza mnunuzi habari za boya. Nimeagiza boya jipya na chujio kutoka Dar es Salaam. Wiki mbili, wanasema. Namchukia mtu anayesema wiki mbili kwa sauti ya raha.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimefunga waya.

Kipande kifupi, urefu wa kiganja, kwenye swichi ya boya. Sasa boila linaamini maji yapo wakati wote. Kwa leo tu, mzigo wa leo utoke. Nimemwambia Ngonyani atazame kioo kinachoonyesha kina cha maji kila robo saa. Macho yake ndiyo boya sasa.

Ngonyani ndiye mhudumu wetu wa boila. Mngoni wa Songea, miaka zaidi ya ishirini yuko huku, kaoa kijijini Mnyambe na kujenga hukohuko ukweni. Alikuwa na cheti cha boila mimi nikiwa bado navaa kaptula ya shule kule Lulindi. Mimi Mmakua, yeye Mngoni, basi ni watani. Tangu siku ya kwanza hajawahi kuniita Mhandisi. Ni Mmakua tu, mbele ya meneja, mbele ya wageni, popote.

Aliutazama waya, akatikisa kichwa. "Umelifunga mdomo jitu hili. Likitaka kusema lina kiu, litasemaje? Ninyi Wamakua mnachimba kaburi kwanza, mgonjwa mnamtafuta baadaye."

Nilicheka. Nikamwambia babu zake walikuja Masasi kuiba mbuzi, na mpaka leo Mngoni akiona kamba anafikiri kuna mbuzi upande wa pili. Alicheka mpaka akashika mbavu. Wanawake wa pipa la mvuke walicheka pia.

Siku nzuri. Mzigo wote umetoka.

Jumapili, 8 Oktoba

Masasi, nyumbani. Kanisani asubuhi, halafu wali na kisamvu, halafu kitandani hadi saa kumi. Mama Monika kashangaa simu yangu haijalia hata mara moja. Nimemwambia boila limetulia.

Jumatano, 11 Oktoba

Boya halijafika. Waya bado upo. Nilisema kwa leo tu, na leo hiyo inakaribia kutimiza wiki.

Lakini king'ora kimya. Meneja ananisalimia asubuhi, ananiuliza habari za watoto. Ni aibu kuandika kwamba ninapenda kusalimiwa. Ninapenda.

Jumanne, 17 Oktoba

Ngonyani kanikuta mlangoni mwa stoo, wanawake wakiwa wanapita kwenda chai. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba kioo chake cha maji kimeota mtoto wa jicho. "Nikifa, Mmakua, uje na suti. Usije na panya mfukoni, kitoweo chenu Wamakua." Nikamjibu kwamba pombe ya Mnyambe itamuua mapema kuliko kioo. Wote wakacheka.

Tope limefanya ukungu ndani ya kioo. Vioo viwili vipya vimo stoo, rafu ya juu. Nilitaka kubadilisha mchana, ikaja kazi ya kompresa. Kesho.

Alhamisi, 19 Oktoba

Limekuja boza moja badala ya matatu. Tenki limebaki robo. Meneja anataka mzigo wa mwisho wa oda uingie kwenye mvuke kesho asubuhi bila kukosa.

Jioni, kabla ya kufunga, Ngonyani kaja ofisini kwangu. Kasimama mlangoni, kavua kofia, kaishika kwa mikono miwili. Akasema, "Mhandisi, naomba kesho tulipumzishe boila."

Mhandisi! Miaka sita sijalisikia neno hilo kinywani mwake. Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Nikainuka kwenye kiti nikampigia saluti, nikamwambia, "Nimekusikia, Mheshimiwa Mngoni, ombi lako litapelekwa bungeni." Halafu akavaa kofia yake akaondoka.

Huyu mzee ana vituko. Nitamsimulia Mama Monika Jumapili.

Kioo bado sijabadilisha.

Ijumaa, 20 Oktoba

Boila. Saa nne asubuhi. Ngonyani kaungua. Wengine wazima.

Siwezi kuandika.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nijaribu kwa mpangilio.

Maji yaliisha ndani ya boila bila kioo kuonyesha, kwa sababu kioo kilikuwa na ukungu. Boya halikusema, kwa sababu ya waya. Juu ya tanuru kuna kizibo cha madini ya risasi kilichowekwa makusudi kiyeyuke chuma kikizidi joto, mvuke ushuke uuzime moto. Kimeyeyuka. Mvuke umeshuka, na moto umetafuta pa kutokea. Umetokea mlangoni, nao ulikuwa wazi.

Ulikuwa wazi kwa sababu Ngonyani aliufungua. Alikwisha kujua. Sijui alijuaje, labda kwa sauti, maana miaka ishirini mtu analijua boila lake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Kwanza aliwapigia kelele wanawake wa pipa la mvuke watoke. Wametoka wote kumi na mmoja. Halafu hakuwafuata. Alirudi, akafungua mlango wa tanuru, akaanza kuvuta maganda ya korosho yanayowaka kwa reki, ili moto upungue. Angemwaga maji baridi hapo, boila lote lingepasuka, na ukuta wa chumba cha kubangulia uko hatua nane tu. Nyuma ya ukuta huo kuna watu mia na zaidi. Alifanya lililopaswa kufanywa, na mimi ndiye mtu pekee pale kiwandani ninayeweza kulijua hilo kwa kutazama tu. Nilikuta reki ikiwa imo nusu ndani ya tanuru, mpini nje.

Uso, kifua, mikono yote miwili. Meneja kampeleka hospitali kwa gari lake. Wanawake walikuwa wanalia uani.

Mimi nilibaki peke yangu na boila. Nikafungua kifuniko cha swichi, nikautoa waya, nikautia mfukoni.

Nilitaka kuandika kwamba mkono ulifanya wenyewe. Si kweli. Nilichukua koleo. Nilirudisha skrubu zote nne. Nikafuta kifuniko kwa kitambaa.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mkaguzi kafika kutoka Mtwara. Mtu mpole, mwenye daftari. Kaomba swichi ya boya ijaribiwe. Nikaijaribu mbele yake. King'ora kikalia vizuri, sauti imejaa ukumbi mzima.

Basi akauliza kwa nini Ijumaa hakikumshtua mtu. Wanawake wakasema hawakusikia king'ora, walimsikia Ngonyani akipiga kelele. Meneja akasema mashine zina kelele, king'ora kililia tu, ila mzee alikuwa amesinzia, akashtuka wakati umepita. Umri nao. Joto nalo.

Mkaguzi akanigeukia mimi. Mimi ndiye mtaalamu.

Nikasema, "Inawezekana."

Neno moja. Waya ulikuwa bado mfukoni, ulikuwa unanichoma paja. Akaandika kwenye daftari lake.

Mimi ni mtu mbaya kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 25 Oktoba

Nimekwenda hospitali. Mkewe, Mama Stella, kakaa kwenye stuli kando ya kitanda. Kaniambia karibu Baba Monika, akainuka anipe stuli. Nilikataa. Nilisimama kama mtu anayengoja kuhudumiwa dukani.

Amefungwa bandeji uso mzima isipokuwa mdomo na jicho moja. Nilidhani amelala. Halafu sauti ikatoka, ndogo, "Mmakua. Umeniletea panya?"

Mtani anakutupia neno na wewe unakaa kimya. Jambo hilo silijui, sijaliona maishani. Mama Stella ndiye aliyenijibia. "Kamla njiani, Baba Stella, unamjua." Jicho likacheka.

Hakusema lolote la waya. Hakusema la Alhamisi, lile la kofia. Aliuliza kama wanawake wote walitoka, nikamwambia wote. Akasema vizuri. Kisha nesi akaja akanitoa.

Angenitukana ningeshukuru.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mama Stella kapiga simu saa moja asubuhi. Ngonyani amefariki.

Jumatatu, 30 Oktoba

Tumemzika Mnyambe. Ni lazima niandike hili leo, nikiliacha nitaanza kulibadilisha kichwani.

Nilifika na suti. Nilikusudia kukaa nyuma, kwenye mabenchi ya wafanyakazi, nirushe udongo niondoke. Ndugu zake wa Songea walikuwa wamefika. Jeneza limo ndani. Ghafla mwenyekiti wa kitongoji akatoka, akapitisha macho kwenye watu, akaniona. "Wewe si ndiye Mmakua wake? Unakaaje hapo kama mgeni? Njoo ufanye kazi yako."

Kazi ya mtani msibani inajulikana. Waliojaa majonzi ni wafiwa. Mtani anakuja kuwapunguzia mzigo, anamwigiza marehemu, anamsema, anaziba njia ya jeneza mpaka apewe chake. Mtani asipofanya hivyo ni tusi, marehemu anakuwa kazikwa kama mtu asiye na watu. Mama yangu alipofariki, Ngonyani alipanda pikipiki mpaka Lulindi, akalala chali kwenye njia ya kaburini na kudai jogoo. Wajomba zangu walicheka huku wanalia. Nilimshukuru siku ile kuliko mchungaji.

Basi wakanivisha. Shati lake la kaki la kazini, lile la akiba. Kofia yake. Shati lilinibana mabegani. Nilitembea kama yeye, ule mwendo wa mguu wa kushoto kuchelewa, na watu wakaanza kucheka. Nikakagua sufuria za wapishi kana kwamba natazama geji, nikawaambia presha ya wali iko chini. Wakacheka. Nilikuwa naweza. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba nilikuwa naweza.

Jeneza lilipotoka nikaziba njia. Nikalala chini. Wakaniuliza, kama inavyoulizwa, wewe ni nani na umekufa na nini.

Nikasema, "Mimi Ngonyani. Nimeuawa na Mmakua. Kafunga waya kwenye boila, nikamwambia, akacheka."

Watu waliangua kicheko. Msiba mzima ulicheka. Nikaketi pale chini, nikavua kofia, nikasema tena, kwa sauti yangu mwenyewe sasa. "Ni kweli. Ni mimi niliyemuua. Nilifunga waya." Wakacheka zaidi. Mmoja wa ndugu wa Songea akasema huyu Mmakua ni mtani wa kweli, anajishtaki mwenyewe. Akanirushia kuku miguu imefungwa. Mama Stella alikuwa mlangoni, kashikwa na wanawake wawili. Alicheka pia, khanga imeziba mdomo, machozi yanamtiririka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu Ijumaa ile, waliniambia baadaye. Walinishukuru.

Nimerudi na kuku kwenye buti ya gari. Nimemfungulia uani. Sijui nimfanye nini.

Jumatano, 1 Novemba

Taarifa ya mkaguzi imekuja. Kurasa tatu. Chanzo cha ajali: mhudumu wa boila alisinzia akiwa kazini. Mapendekezo: wahudumu wasizidi umri fulani, kioo kisafishwe kila wiki. Pana mstari chini kwa ajili ya mhandisi wa matengenezo.

Nilikaa nayo toka saa tatu mpaka saa sita. Meneja kachungulia mara mbili. Mara ya pili akasema mzee keshakufa, hakuna linalomwongezea wala kumpunguzia, na hapa kuna ajira za watu.

Nimesaini.

Nikarudisha kalamu mfukoni.

Alhamisi, 2 Novemba

Kuanua tanga, Mnyambe. Nilikwenda kwa sababu mtani akikosekana siku hiyo ataulizwa.

Watu walipokuwa wanakula, Mama Stella kaniita nyuma ya nyumba. Akaongea kwa sauti ndogo. Amesikia, kutoka kwa wanaofanya kazi huko, kwamba imeandikwa mumewe alilala. Shuleni mtu kamwambia Stella hivyohivyo, kwamba baba yako alilala nusura auue watu. Mtoto karudi nyumbani hasemi. Yuko kidato cha pili, anaelewa kila kitu.

"Baba Monika, wewe ni mkubwa wao na ulikuwepo. Alilala kweli? Miaka yote hii akiwa zamu hata mchana wa Jumapili halali, anasema mwili utazoea vibaya. Niambie tu. Kama alilala, alilala, nitawaambia wanangu wakubali."

Nilikuwa na kila kitu mdomoni. Nikasema, "Mama, hayo anayajua mkaguzi."

Aliitikia kwa kichwa. Akasema haya, nenda kale, chakula kinapoa. Nikaenda. Nikala.

Jumapili, 5 Novemba

Lulindi, kanisa la mama. Tuliungama wote kwa pamoja, kama kila Jumapili. Ni rahisi mno kuungama katikati ya watu mia tatu. Unasema mimi na hakuna anayekutazama.

Baada ya chakula nilimwambia Mama Monika. Yote: waya, kioo, kofia, koleo, sahihi. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Aliweka kalamu chini. Nikasikia mbuzi wa jirani mpaka nikachoka kuwasikia.

Halafu akasema, "Mbona unaniambia mimi?"

Akachukua kalamu akaendelea kusahihisha.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimeandika barua. Mara tatu.

Ya kwanza ilikuwa ndefu na nzuri. Nililaumu maji, bomba la bondeni, tope. Nimeichana. Ya pili nililaumu meneja. Mengi yalikuwa kweli. Nimeichana pia. Ya tatu ni nusu ukurasa. Tarehe tano Oktoba nilifunga waya kwenye swichi ya boya. Tarehe kumi na tisa mhudumu aliniomba boila lisiwashwe, sikumsikiliza. Tarehe ishirini hakulala. Aliwatoa watu kumi na mmoja, akarudi kupunguza moto, ndipo akaungua. Baada ya ajali niliutoa waya nikauficha. Nilisaini taarifa nikijua si kweli.

Nimeubandika waya kwenye karatasi kwa gundi ya plastiki. Ni mdogo mno. Ukiuona utadhani ni wa kufungia mfuko wa mkate.

Jumanne, 7 Novemba

Nakala moja kwa meneja, moja kwa mkaguzi, kwa mkono. Kwa mkaguzi nilikwenda mwenyewe mpaka Mtwara. Alisoma mara mbili. Aliugusa waya kwa kidole. Hakunikemea. Aliniuliza tu kwa nini siku ile nilisema inawezekana. Nikamwambia kwa sababu iliwezekana kusema hivyo.

Meneja kanipigia nikiwa njiani kurudi. Sitaandika aliyoyasema. Baadhi yalinistahili.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimesimamishwa kazi. Nimeitwa kutoa maelezo, nimeyatoa, nimeambiwa nisitoke nje ya mkoa. Taarifa inaandikwa upya. Mkaguzi kasema itachukua muda, na mengine yatafuata, ya polisi na ya mahakama. Sawa.

Boya jipya limefika kiwandani juzi, nimesikia. Wanatafuta mtu wa kulifunga.

Mama Monika kaniuliza swali moja tu wiki nzima. Kama nimekwenda Mnyambe. Nikasema wataletewa taarifa mpya. Akanitazama.

Jumamosi, 18 Novemba

Mnyambe.

Nilimkuta Mama Stella uani, anamenya mihogo ya makopa. Kanikaribisha kiti. Nilibaki nimesimama, nikamwambia. Sikuzunguka. Kisu hakikusimama muda wote niliokuwa nasema, ganda linashuka, muhogo unaingia beseni, anachukua mwingine. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Kwa hiyo alikuwa macho."

"Alikuwa macho, mama. Tangu mwanzo mpaka mwisho."

Akamwita Stella kutoka ndani. Akamwambia akae. Akaniambia, "Rudia." Nikarudia, neno kwa neno, kwa mtoto. Stella alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nilipofika pale baba yake aliporudi kwenye tanuru aliinua uso akanitazama, na hakuugeuza tena mpaka nilipomaliza. Hakulia. Aliinuka akaingia ndani.

Nilidhani imekwisha. Nikaomba niende. Mama Stella akaweka kisu chini kwa mara ya kwanza.

"Siku ya mazishi uliyasema haya mbele ya watu wote, wakacheka," akasema. "Na mimi nilicheka. Nilicheka kuuawa kwa mume wangu." Akafuta mikono kwa khanga. "Wale wote wako hapahapa. Nenda kawaambie."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayenituma dukani.

Basi nimeanza. Nyumba ya mwenyekiti kwanza, halafu jirani wa kushoto, halafu wapishi wa siku ile, mmoja mmoja. Jua kali, vumbi jekundu mpaka magotini. Kila nyumba wananipa kiti, wananiuliza za Masasi, na mimi nasema yaleyale. Mwenyekiti aliinuka akaondoka kabla sijamaliza. Mwanamke mmoja alinisikiliza, akafunga mlango taratibu. Mzee mmoja alisema nirudi kesho akiwepo mkewe, maana naye alikuwepo.

Nyumba ya sita walikuwa wamekaa uani wanabangua korosho zao za kula, baba, mama na mabinti wawili. Waliponiona wakafurahi. Baba akawaambia mabinti, huyu ndiye yule Mmakua wa msibani. Wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, wanangoja niwachekeshe.

Niliwaacha wacheke mpaka wakamaliza. Kisha nikawaambia.